Wasia wa Mkarafuu: Mpe Mtoto na Sababu Yake

Ndugu Wanachama,

Kila msimu twasikia mashambani maneno yale yale: "Usivunje tawi!" "Usilaze karafuu mbichi!" "Usichanganye makonyo!" Maneno hayo tuliyapokea kwa wazazi wetu, nao waliyapokea kwa wazazi wao, na yote ni ya kweli. Lakini ukimwuliza kijana kwa nini asivunje tawi, mara nyingi hujibu, "Baba kakataza." Hapo ndipo penye hatari.

Katazo lisilo na sababu hudumu maadamu mzee yupo chini ya mti. Mzee akiondoka, na mchumaji analipwa kwa pishi, haraka humshinda kijana. Tawi huvutwa likavunjika. Lakini akijua kuwa karafuu hutoka kwenye ncha za vitawi, ataona kuwa anavunja karafuu za misimu ijayo, na mwenye hasara ni yeye mwenyewe.

Kadhalika mama husema karafuu zichambuliwe usiku ule ule, asubuhi zianikwe majamvini. Mtoto mwenye usingizi huona anaonewa. Basi na aambiwe: karafuu mbichi zikirundikwa hupata moto, huvunda na kuharibika rangi, na bei hushuka. Makonyo nayo yana bei yake, iliyo chini. Yakichanganywa huharibu daraja la karafuu. Kisha apewe karafuu aijaribu kwa vidole: iliyokauka vyema hukatika, ambayo haijakauka hupinda. Somo la namna hiyo hasahau.

Tuliosoma chuoni twaikumbuka Sura ya Luqman. Mzee yule hakumwamrisha mwanawe tu. Alipomwambia ashushe sauti alimpa na sababu, akamtajia sauti ya punda. Twaona huo ndio mwendo wa kufuata.

Uko wasia mwingine, nao ni mgumu zaidi: kupanda. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8 hivi, na waweza kuishi zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo apandaye hula kidogo, na wajukuu hula zaidi. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Aliyepanda upya kule Unguja mwaka 1873 alingoja mpaka karibu na 1880 ndipo akaona karafuu. Tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Sisi wa Pemba tulirithi miti bila kuonja msiba ule, na pengine ndiyo sababu wengi wetu twadhani mkarafuu haufi. Unakufa, ndugu zetu. Mzee akifariki shamba hugawanywa, na kila mrithi huhesabu miti yake. Ni nani ahesabuye mapengo?

Basi twawaomba wanachama jambo moja. Kabla ya masika, kila mzazi amchukue mtoto mmoja, wa kiume au wa kike, kwani wote hurithi, amtembeze shambani na wahesabu pamoja mapengo. Mvua zikianza wapande walau mche mmoja. Amwoneshe jinsi ya kuuwekea kivuli, na amwambie sababu: mche mchanga hauvumilii jua kali. Kiangazi kikija, kazi ya kuutilia maji iwe ya mtoto huyo, na mti uitwe wake.

Wako watakaosema kuwa miaka 8 ni mingi. Mtoto wa miaka 10 akipanda leo, atauchuma mti wake akiwa na miaka 18, na hatahitaji mtu wa kumwambia asivunje tawi.

Katibu wa Chama