Injini Mpya, Ekseli ya Babu

Anayepanda Mlima Kenya kwa upande wa mashariki hupitia Chogoria, mji mdogo ulio kati ya Embu na Meru, na akitaka kuokoa miguu yake hukodi Land Rover. Kutoka mjini hadi lango la mbuga, mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, ni kama kilomita 30 za barabara inayokata msitu na mianzi. Mvua ikinyesha, gari dogo halifiki. Kazi hii imefanywa miaka nenda miaka rudi na Land Rover za Series, ambazo utengenezaji wake ulikoma katikati ya miaka ya 1980. Ukiinua boneti ya mojawapo leo, usishangae kukuta injini ya Toyota au Isuzu.

Sababu si fumbo. Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyokuja na gari hilo ilitoa nguvu farasi 62 tu, na vipuri vyake vimeadimika. Isuzu huunganishwa Nairobi, na gasketi ya Hilux utaipata Maua, Chuka au Runyenjes kabla chai haijapoa. Lakini fundi anayeijua kazi yake hakuulizi kwanza unataka injini gani. Hukuuliza ekseli yako ni ya aina gani.

Swali hilo lina hesabu ndani yake. Injini ile ya zamani huzungusha kwa nguvu ya nyutoni-mita 140 hivi. Gia ya kwanza ya Series III huizidisha mara 3.68. Boksi dogo lililo nyuma ya giaboksi, ukivuta ile lever yenye kichwa chekundu, huizidisha tena mara 2.35, na difu huizidisha mara 4.7. Jumla ni karibu mara 41. Yaani ekseli zinapokea nyutoni-mita zinazokaribia 5,700, ukiacha zinazoliwa na msuguano, huku gari likitambaa kwa kilomita 6 au 7 kwa saa. Ndiyo maana gari la farasi 62 hupanda mahali ambapo Probox yenye nguvu zaidi hubaki ikizungusha tairi.

Sasa weka 300Tdi, injini ya Land Rover yenyewe iliyotoka 1994 ikiwa na turbo. Hii hutoa nyutoni-mita 265. Zidisha kwa 41 ileile: karibu 10,800. Vyuma vya katikati ni vilevile vya babu. Cha kwanza kulalamika ni hafshafti ya nyuma, ambayo kwenye gari fupi ina meno 10 tu upande unaoingia kwenye difu. Tairi linalozunguka ovyo topeni likishika jiwe ghafla, mshtuko wote huishia hapo. Fundi akiichomoa mapema ataona dalili: meno yaliyotoka kiwandani yakiwa yamenyooka sasa yamelala mshazari, kwa sababu chuma kimesokotwa kikashindwa kurudi. Safari yake iliyobaki ni fupi. Kwenye Series III ndefu kampuni yenyewe ililiona tatizo, ikafunga nyuma ekseli nene ya Salisbury. Mwenye gari fupi hutafuta shafti na difu za kizazi cha baadaye, zenye meno 24. Ni kazi isiyoonekana wala kusikika barabarani, na nadhani ndiyo maana wenye magari huiahirisha.

Injini ya Kijapani haikutobolewa kukutana na giaboksi ya Kiingereza, kwa hiyo katikati huwekwa bamba nene la chuma lililokerezwa. Hapa usahihi ni wa sehemu za milimita. Kitovu cha injini kikipishana na cha giaboksi kidogo tu, klachi hutetemeka, beringi ya mbele hulia, na baada ya miezi michache lawama zote hutupiwa injini. Fundi asiye na saa ya kupimia mzunguko, anayekadiria kwa jicho, mwambie asante ukaondoke.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Mombasa hawahitaji kuliwaza. Kwenye lango la Chogoria, uzito wa hewa katika kila lita ni takriban robo tatu ya ule wa pwani. Dizeli bila oksijeni ya kutosha hugeuka moshi mweusi. Injini isiyo na turbo basi hupoteza kama robo ya nguvu zake. Toyota 3L, inayopendwa sana na mafundi wetu, hutoa karibu nyutoni-mita 190 pwani. Ikifika langoni imebakiwa na kama 140, sawa na injini kuukuu iliyong'olewa ikiwa Mombasa. Turbo huisindika hewa hiyo nyepesi kabla haijaingia kwenye silinda, na kwa hiyo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwa milima hii, ningechagua turbo ndogo kuliko silinda kubwa.

Kupanda, hata hivyo, ni nusu ya safari. Gari la tani mbili na nusu likishuka mita 1,000 hutoa nishati ya megajuli 24 na ushei, ambayo ingechemsha zaidi ya lita 70 za maji ya kawaida. Joto hilo lisipomezwa na injini kupitia gia nzito, litaishia kwenye breki. Series ina breki za drumu pande zote nne, nazo hukawia kupoa. Wenyeji wa barabara ya Embu kwenda Meru hawahitaji kufundishwa maana ya breki kushindwa mteremkoni: Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi na kuua watu zaidi ya 30.

Ndiyo sababu sipendi haraka ya kubadilisha difu ili gari likimbie. Ukiweka ya 3.54 badala ya 4.7, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo hupanda kutoka kama kilomita 82 kwa saa hadi 108. Nishati ya kusimamisha huongezeka kwa karibu robo tatu. Juu ya hayo, ile 41 ya kutambaa hushuka hadi 31.

Umeme nao umeshaingia. Kampuni ya Nairobi iliyoanza 2017 kwa jina Opibus, sasa Roam, imewahi kung'oa injini za magari ya safari na kuyafunga mota na betri. Mota haijali uhaba wa oksijeni, na kwenye mteremko hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati betrini. Bei bado si ya mwenye gari wa Chogoria.

Kwa anayetaka kuanza mwezi huu, mpangilio wangu ni huu: breki za diski mbele, kisha shafti, kisha injini yenye turbo, na boksi lenye lever nyekundu liachwe palepale. Halafu lipeleke gari likakaguliwe na uombe NTSA ibadilishe namba ya injini kwenye logibuku. Injini isiyo kwenye rekodi itakuletea matatizo na polisi, na zaidi na bima siku ya ajali.