Marekani: Nafasi 34 tu katika besiboli ya vyuo vikuu, wengine wabaki mlangoni

Katika vyuo vikuu vya Marekani, kijana anaweza kufanya mazoezi na ekipe kila siku, akavaa jezi yenye namba yake, akala meza moja na wenzake, lakini siku basi linapoondoka kwenda kucheza ugenini, jina lake halimo kwenye karatasi ya kocha. Hilo limekuwepo tangu zamani. Jambo jipya ni kwamba hata ile jezi ya mazoezi imekuwa ngumu kupata. Tangu tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 2025, ekipe ya besiboli ya chuo kikuu kilichoingia katika mapatano mapya ya michezo hairuhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 34. Msimu uliotangulia, waliruhusiwa 40.

Nafasi sita kwa ekipe moja zinaweza kuonekana kitu kidogo. Lakini daraja la kwanza la michezo ya vyuo, chini ya shirika la NCAA, lina karibu ekipe 300 za besiboli, na nyuma ya kila nafasi kuna kijana wa miaka 18 hadi 22 ambaye mara nyingi alichagua chuo, mji na hata somo lake kwa sababu ya mchezo huo.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu ama Lubumbashi aliyezoea kandanda, 34 ni namba kubwa. Uwanjani besiboli inahitaji watu tisa tu. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, kila nchi iliruhusiwa kuandikisha hadi wachezaji 26, na hawakulalamika sana. Tofauti iko kwenye idadi ya mechi na kwenye mkono wa mtu mmoja. Argentina ilitwaa kombe lile baada ya mechi saba. Ekipe ya besiboli ya chuo inaruhusiwa mechi 56 katika msimu wa kawaida, kuanzia katikati ya mwezi wa pili hadi mwezi wa tano, kabla ya kuingia kwenye michezo ya mtoano. Kwa kawaida ni mechi tatu mwisho wa juma, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na mara nyingi moja zaidi katikati ya juma.

Mtu anayetegemewa zaidi katika mechi hizo ni mrushaji, yule anayetupa mpira kwa nguvu kuelekea kwa mpigaji wa ekipe pinzani. Mrushaji anayeanza mechi anaweza kutupa mara 100, na baada ya hapo mkono wake unahitaji siku kadhaa za kupumzika. Akiharakishwa, kiwiko kinaumia. Upasuaji wa kiwiko ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mchezaji Tommy John, na ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mchezaji huyo, unaweza kumweka mtu nje kwa mwaka mzima ama zaidi. Ndiyo sababu karibu nusu ya orodha ya kocha huwa ni warushaji. Ukiondoa hao, pamoja na majeruhi na wanafunzi wapya ambao bado wanajifunza, namba 34 inaanza kuonekana ndogo.

Hapo ndipo linapokuja kundi la safari. Kwa miaka mingi, ligi kubwa ya kusini inayoitwa SEC iliweka sheria kwamba ekipe inayokwenda kucheza ugenini katika ligi hiyo ipeleke wachezaji 27 tu. Michezo ya mwisho ya NCAA nayo ilifuata namba hiyohiyo ya 27. Maelezo yake hayakuwa magumu: hoteli, chakula na ndege ni gharama, tena chuo tajiri kisije na jeshi la warushaji mbele ya chuo kidogo kilichokuja na basi moja. Ni hoja yenye haki ndani yake. Lakini kwa kocha mwenye watu 40, maana yake ilikuwa kuwaacha 13 nyumbani kila mara anaposafiri. Waliobaki walikuwa mara nyingi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mdakaji wa tatu ama wa nne, na mrushaji anayeuguza bega. Wao walifuatilia mechi kwenye simu, kisha Jumatatu wakarudi mazoezini pamoja na waliosafiri.

Walivumilia, kwa sababu kubaki nyumbani hakukuwa kufukuzwa. Mchezaji wa chuo alikuwa na miaka mitano ya kucheza misimu minne. Ule mwaka wa kukaa pembeni ungeweza kumsaidia akue, apate nguvu, halafu mwaka wa pili ama wa tatu aingie kwenye 27. Wachezaji wengi wazuri walipita njia hiyo. Sheria ya kundi la safari ilimwambia kijana asubiri. Sheria ya 34 inamwambia atafute kwingine.

Sheria hii mpya haikutoka kwa makocha wa besiboli. Imetoka mahakamani. Mwaka 2020, muogeleaji Grant House wa chuo kikuu cha Arizona State na mchezaji wa mpira wa kikapu Sedona Prince walifungua kesi dhidi ya NCAA, wakidai kwamba vyuo na ligi zinapata mamilioni kutokana na wanamichezo bila kuwagawia. Tarehe 6 mwezi wa sita mwaka wa 2025, hakimu Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha mapatano: karibu dola miliari 2.8 zilipwe kwa waliocheza miaka ya nyuma kwa muda wa miaka kumi, na kila chuo kilichokubali kiweze kuwalipa wanamichezo wake wa sasa hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Ndani ya mapatano hayo kulikuwa na mabadilishano. Zamani NCAA haikuhesabu watu tu, ilihesabu pia ufadhili wa masomo. Besiboli ilikuwa na ufadhili 11.7 kwa ekipe nzima. Namba hiyo yenye nukta ilikuwa inachekesha, ila kwa wazazi haikuwa kichekesho. Ukiigawa kwa watu 34, kila mmoja anapata kama theluthi moja ya pesa ya masomo, na inayobaki inatoka kwa mzazi ama kwa mkopo wa benki. Sasa kikomo cha ufadhili kimeondolewa: chuo kikitaka, kinaweza kuwalipia wote 34 kila kitu. Mahali pa kikomo hicho pamewekwa kikomo cha watu.

Kwa maneno mengine, walio ndani wanaweza kupata zaidi, na walio pembeni wamepoteza hata pembeni. Walioguswa zaidi ni wale waliokuwa wakijilipia wenyewe, bila kuchukua hata dola moja ya ufadhili, wakiomba tu nafasi ya kujaribu. Na ule ufadhili kamili kwa wote 34 ni ruhusa, si ahadi. Ufadhili mpya unaoongezwa unahesabiwa, hadi dola milioni 2.5, ndani ya zile milioni 20.5, na kila mtu Marekani anajua kwamba kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu ndiyo inayokula sehemu kubwa. Chuo chenye uwanja wa besiboli unaojaa kitatafuta pesa. Kingine kitabana watu bila kuongeza kitu.

Hakimu Wilken mwenyewe aliliona tatizo hili. Katika mwezi wa nne, baada ya kuwasikiliza wanamichezo waliopinga, alikataa kuidhinisha mapatano mpaka suala la orodha lirekebishwe. Vyuo vingi vilikuwa vimeanza kuwaondoa watu mapema, kabla hata ya yeye kusema ndiyo. Marekebisho yaliyofuata yanasema wale walioondolewa, ama waliokuwa wameahidiwa nafasi kisha wakanyang’anywa kwa sababu ya vikomo vipya, wanaweza kurudi bila kuhesabiwa katika ile 34, kwa muda wote uliobaki wa kucheza kwao, hata wakihamia chuo kingine. Lakini neno ni «wanaweza». Chuo hakilazimishwi kumrudisha mtu. Kocha aliyekwisha kumpa mwingine namba ya jezi yako hana sababu kubwa ya kukupigia simu.

Na wanaomaliza shule ya sekondari sasa hawana kinga hiyo kabisa. Wanaingia kwenye foleni wakiwa na wachezaji wa miaka 21 na 22 wanaohama kutoka chuo kimoja hadi kingine, watu wenye mwili uliokomaa na uzoefu wa misimu miwili ama mitatu. Kocha mwenye nafasi 34 na kazi ya kulinda atamchukua nani? Huku juu nako mlango umepungua: usajili wa kila mwaka wa ligi ya kulipwa, ambao mwaka 2019 ulikuwa na raundi 40, sasa una raundi 20. Wengi wanateremkia vyuo vya miaka miwili na madaraja ya chini, ambako bado kuna nafasi ya kucheza, pengine zaidi kuliko kukaa mwaka mzima bila kupanda basi.

Si vyuo vyote vilivyoingia. Harvard, Yale, Princeton na wenzao wa Ivy League, ambao tangu zamani hawatoi ufadhili wa michezo, walikataa mapatano na hawafungwi na namba 34.

Besiboli inaweza kuwa mbali na familia zilizotoka Kivu zinazoishi leo Marekani, lakini mapatano ni yaleyale kwa michezo ambayo watoto wao wanaicheza zaidi. Kandanda yetu, ile ya miguu, imewekewa wachezaji 28 kwa ekipe. Mbio za nyika 17. Riadha 45. Mpira wa kikapu 15. Mzazi anayepigiwa simu na kocha wa chuo akisifiwa mtoto wake alizoea kuuliza swali moja, kwamba mtatoa pesa kiasi gani. Sasa yapo mengine ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: chuo hiki kimeingia katika mapatano ama hapana, wachezaji wangapi wameahidiwa nafasi mwaka huu, na kama orodha ikizidi, nani anatolewa na lini anaambiwa.