Imani na Matendo: Mwenye Heri Floribert wa Goma

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza Sakramenti ya Ubatizo, jinsi inavyotufanya watoto wa Mungu na ndugu sisi kwa sisi. Leo twataka kueleza namna udugu huo unavyoonekana shambani, sokoni na mtoni, kwa maana huko ndiko Mkristu anakopitisha juma lake, na kanisani hukaa saa mbili tu.

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, asema juu ya mtu anayemwona ndugu yake hana nguo wala chakula, akamuaga kwa maneno mazuri pasipo kumpa kitu. Imani ya mtu huyo Mtume aihesabu kuwa maiti. Naye Bwana Yezu, katika Injili ya Mateo sura ya 25, atufundisha kwamba siku ya hukumu tutaulizwa tulimtendea nini mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Hayo ni sita. Eklezia imeongeza la saba, kuwazika wafu, kwa mfano wa mzee Tobiti, nayo yote huitwa matendo saba ya huruma kwa mwili. Hilo la saba halitushindi: mtu akifa, kijiji chote hufika kilioni. Yale sita yamhusuyo mtu angali hai ndiyo tunayoyaahirisha.

Sasa tuwaeleze habari za kijana wa nchi yetu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei kilichoanzishwa Roma mwaka 1968, ambacho watu wake husali pamoja na kufanya urafiki na maskini. Floribert aliwatumikia watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Wengi huwafukuza watoto hao kama mbwa. Yeye aliwatafuta, akala nao, akawasaidia kupata masomo.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazopita mpakani. Siku moja vilifika vyakula vilivyoharibika. Wenye mali walitaka vipite, wakamwahidi fedha. Akakataa. Wakaongeza fedha, akakataa tena. Wakamtisha, naye hakugeuka. Alimwuliza mtawa mmoja mganga ni madhara gani yangewapata watu kama wangekula vyakula vile, na alipojibiwa, hakuona njia ya kuyapokea malipo yale na kubaki Mkristu. Siku ya 7 Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Siku ya 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Eklezia ilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini, kama ilivyomtangaza Mwenye Heri Anuarite mwaka 1985 na Mwenye Heri Bakanja mwaka 1994.

Labda mtu atatuuliza: Huyu aliuawa kwa ajili ya magunia, mbona aitwa mfiadini? Hakuna aliyemwambia aukane msalaba. Swali hilo ni jema, wala tusilipite upesi. Kumwamini Kristu ni kuamini kwamba Yeye yumo ndani ya mtu mdogo, mwenye njaa, asiye na jina. Nani wangenunua vyakula vile? Si matajiri, kwa maana tajiri huchagua. Ni mama maskini aliyetafuta bei ndogo ili watoto wake wasilale na njaa. Basi aliyemtaka Floribert auze afya ya mama yule alimtaka amuuze Bwana wake, ingawa hakulitaja jina lake.

Tena tazameni jambo hili. Maibobo aliwajua kwa sura na kwa majina, nao waliweza kumshukuru. Lakini wale wangalikula vyakula vibovu hakuwajua hata mmoja, nao hawakujua kamwe kwamba kuna mtu aliyewaokoa. Ni rahisi kumpenda jirani anayekuja mlangoni na kibuyu chake. Ni kazi ngumu kumpenda jirani ambaye hutamwona maisha yako yote.

Jirani wa namna hiyo tunaye sote, hata vijijini mwetu ambamo hakuna mpaka wala ofisi. Mtu anayetia sumu mtoni ili apate samaki wengi mara moja, huwaua samaki wadogo wa mwaka ujao, na kijiji cha chini huteka maji yale yale. Hawaoni watoto wanaokunywa, kwa hiyo husema hakumkosea mtu. Muuza maharage aliyebonyeza kitako cha kopo lake la kupimia, mwenye kuongeza maji katika mafuta ya mawese, muuza dawa anayefuta tarehe kwenye kisanduku: hao wote huenda hushika rozari jioni. Twasema wazi, rozari yao haiifuti dhambi ile mpaka kopo linyooshwe na aliyeibiwa arudishiwe chake.

Hayati Papa Fransisko alipofika Kinshasa, aliwataja vijana habari za Floribert siku ya 2 Februari 2023. Aliwaambia watazame mikono yao, akawapa somo kwa kila kidole: kidole gumba ni sala, cha pili ni jumuiya, cha katikati ni uaminifu, cha nne ni msamaha, na kile kidogo ni utumishi. Katekista anaweza kulitumia somo hilo hata kwa watoto wasiojua kusoma. Sisi twapenda hasa kwamba utumishi ulipewa kidole kidogo, kwa sababu mtu hujiona hana cha kutoa. Lakini mwenye kujaribu kushika jembe pasipo kidole hicho ataona jinsi mpini unavyomponyoka.

Neno la mwisho ni juu ya shirika zenu, yaani zile jumuiya ndogo za Wakristu wa mtaa mmoja. Mkikutana, msimalize kwa sala na mchango tu. Ulizeni: mjane yupi ambaye ndugu za marehemu wamemnyang'anya shamba na mabati ya nyumba? Mkimtetea mbele ya mkubwa wa kijiji, enendeni watu wengi, mkiwa wapole, wala msimwachie mjane aseme peke yake. Ulizeni pia nani amewapokea wakimbizi, kwa maana katika miaka hii ya vita ya Kivu na Ituri familia nyingi zilizo maskini zimegawana muhogo wao na wageni, na mwenyeji mwenyewe huanza kulala na njaa pasipo kusema. Huyo naye asaidiwe.

Maulizo ya kujibu nyumbani. Matendo ya huruma kwa mwili ni mangapi, nayo ni yapi? Kwa nini Mwenye Heri Floribert aliikataa fedha? Katika kazi yako, jirani yako usiyemwona ni nani? Shirika yenu italima shamba la nani kabla ya mvua kuanza, na siku gani?