Trekta haliinui plau? Usikimbilie pampu mpya

TREKTA likigoma kuinua plau katikati ya msimu, wakulima wengi hukimbilia kununua pampu ya haidroliki. Mara nyingine fedha hupotea na plau hubaki chini.

Kwa Massey Ferguson 135, anza na yasiyo na gharama. Pampu imo ndani, nyuma ya gia, na huzungushwa na shafti ya PTO. Pima oili, kwani gia na pampu hutumia oili moja. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Plau likipanda, kisha likashuka lenyewe injini ikizimwa, shuku sili za silinda au vali. Likipanda oili ikiwa baridi na kugoma ikipata moto, huenda pampu imechakaa. Fundi athibitishe kwa geji ya presha.

Wakati wa kuibadilisha, oili humwagwa, mfuniko wa lifti hufunguliwa na shafti ya PTO huvutwa nje. Safisha chujio na uweke oili mpya, la sivyo uchafu wa zamani utaila pampu mpya. Kamwe usiingie chini ya plau lililoinuliwa bila kulikingia gogo imara.