Refa aliyepigwa asiachwe aende nyumbani peke yake

Mpira wa mwisho wa wiki ni dawa, na madaktari hawachoki kuusifu. Moyo unapata nguvu, mwili unatoa jasho, vijana wanapata shughuli. Lakini uwanjani yupo mtu mmoja ambaye hakumbukwi mpaka pale anapodhaniwa amekosea. Huyo ni refa, pamoja na wenzake wawili wenye vibendera. Katika mpira wa ridhaa hana askari wa kumlinda wala uzio wa kumtenga na watazamaji. Malipo yake aghalabu ni nauli na soda. Akipigwa, watu husema, "Ngumi tu ile, atapona."

Tarehe 2 Desemba 2012, katika mji wa Almere, karibu na Amsterdam nchini Uholanzi, Richard Nieuwenhuizen, mwenye umri wa miaka 41, alijitolea kushika kibendera katika mechi ya vijana ya klabu ya Buitenboys. Mwanawe mwenyewe alikuwa anacheza. Mchezo ulipokwisha, baadhi ya wachezaji wa timu ya wageni, Nieuw Sloten ya Amsterdam, walimvamia, wakamwangusha na kumpiga mateke kichwani na shingoni. Wengi wao walikuwa na miaka 15 au 16 tu.

Nieuwenhuizen aliinuka. Alikwenda nyumbani, akajilaza kidogo, kisha akarudi uwanjani kutazama mechi nyingine. Huko ndiko alikoanguka, saa chache baada ya kipigo. Kesho yake alifariki hospitalini.

Katika habari hii yote, jambo la kutisha zaidi kwa mtu wa afya ni hilo neno "aliinuka". Sisi sote tumezoea kumpima majeruhi kwa miguu yake: akisimama, basi ni mzima. La hasha. Kichwa na shingo havipimwi hivyo.

Nyuma ya shingo kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo, ikipita ndani ya vitundu vya mifupa ya shingo. Teke au ngumi inayozungusha kichwa ghafla huweza kuuvuta mshipa huo hadi ukapasuka au ukuta wake wa ndani ukachanika. Nje huoni jeraha lolote, pengine wekundu kidogo tu. Ndani damu inavuja kuuzunguka ubongo, au inaganda na kuziba njia.

Sehemu nyingine ya hatari ni panja, pale kando ya jicho, ambapo fuvu ni jembamba. Chini yake upo mshipa unaoweza kukatika mfupa ukipata ufa. Damu hujikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo. Majeruhi huweza kuzimia kidogo, akazinduka, akazungumza na hata kutania wenzake, huku fuvu likizidi kujaa. Fuvu halitanuki kama tumbo. Damu ikiongezeka, ubongo ndio unaobanwa, na sehemu inayoendesha pumzi nayo hubanwa mwishoni.

Mahakama ya huko ilielezwa habari hizi kwa kirefu. Upande wa utetezi ulileta mtaalamu aliyesema kwamba huenda mishipa ya marehemu ilikuwa na udhaifu tangu awali. Mahakama haikukubali. Mwezi Juni 2013 vijana sita na baba wa mmoja wao walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia kwa kupanga. Baba alipewa miaka 6 gerezani. Vijana walipewa vifungo vya watoto vya hadi miaka 2. Mzazi aliyekwenda kumtazama mwanawe akicheza akaishia gerezani pamoja naye! Na mwisho wa wiki uliofuata kifo hicho, mechi zote za ridhaa nchini Uholanzi zilifutwa.

Asidhani mtu kwamba lazima wawe wengi ndipo waue. Tarehe 27 Aprili 2013, huko Taylorsville katika jimbo la Utah, Marekani, Ricardo Portillo alimwonyesha kadi ya njano kipa mwenye miaka 17. Alipokuwa akiandika kwenye kijitabu chake, kijana alimpiga ngumi moja ya kichwa. Portillo alilalamika kizunguzungu, akaanza kutapika damu. Hapo mwanzo majeraha yake hayakuonekana makubwa, lakini ubongo ulivimba, akapoteza fahamu, na baada ya juma moja akafa. Alikuwa na miaka 46 na mabinti watatu. Wachezaji walikwisha kumvunja mbavu siku za nyuma, na mabinti zake walikuwa wamemsihi aache filimbi.

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Juni 2014, katika ligi ya watu wazima huko Livonia, Michigan, ilikuwa ngumi moja tena. Refa John Bieniewicz alikuwa anajiandaa kutoa kadi nyekundu. Alipigwa shingoni, akafa siku mbili baadaye. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhudumia mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Aliyempiga alikiri kosa na kufungwa miaka isiyopungua 8.

Basi, tufanye nini uwanjani kwetu, ambako zahanati iko mbali na gari la wagonjwa halipo?

Aliyepigwa kichwani au shingoni asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Kama shingo inauma, au mikono na miguu ina ganzi, alale hapo hapo, mtu mmoja akishika kichwa chake kisigeuke, mpaka apatikane ubao wa kumbebea. Akitapika, ageuzwe kiubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa kikifuatana na kiwiliwili. Asipewe pombe "kumtuliza". Wala asipewe aspirini au diklofenaki, kwa kuwa dawa hizo huweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Na mechi asiendelee kuichezesha, hata akisisitiza kwamba hana tatizo.

Apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi iwapo alizimia hata kwa dakika moja, au anatapika, kichwa au shingo inazidi kuuma, anasinzia kupita kawaida, anaongea ovyo, anayumba, anaona vitu viwili viwili, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, upande mmoja wa mwili umelegea, anapata degedege, au majimaji yanatoka puani ama masikioni. Moja tu kati ya hayo linatosha. Asiye na dalili hizo akae na mtu mzima kwa saa 24 angalau. Usiku aamshwe mara mbili tatu, aulizwe jina lake na la mtoto wake. Wazee, pamoja na wanywaji pombe, huweza kuvuja damu polepole, dalili zikaja baada ya majuma, wakati kila mtu amekwisha sahau mechi ile.

Huko Uingereza, tangu msimu wa 2019, mchezaji wa ridhaa anayembishia refa hutolewa nje dakika 10, na mwaka 2023 baadhi ya marefa walianza kujaribishwa kuvaa kamera kifuani. Sisi kamera hatuna. Ila kukubaliana kabla ya mechi kwamba nahodha peke yake ndiye atakayezungumza na refa hakuhitaji hata senti moja.

Lipo pia jeraha la moyoni. Refa aliyepigwa huweza kuota tukio lile usiku, kushtuka akisikia kelele nyuma yake, kuwa mkali kwa mke na watoto bila sababu. Wengine huacha filimbi kimya kimya, na vijana wa mtaa wakakosa mwamuzi. Asiambiwe ajikaze kiume. Mwenzake aliyemwamini amtembelee, amsikilize. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja, amweleze daktari kama angemweleza kuhusu mguu uliovunjika.