Bi Siti na Waliomcheka Sura

Katika kikao chetu cha kinamama huko Kibokoni, mama mmoja alitueleza jambo lililomnyima usingizi. Bintiye, mwanafunzi wa sekondari, amejaaliwa sauti nzuri na kipaji cha kuigiza, na shuleni kwao palikuwa pakitayarishwa mchezo. Wenziwe wakamwambia kwamba kwa rangi yake ile na meno yake yale atafaa kuwa mjakazi tu, asijisumbue kutaka kuwa bibi wa nyumba. Binti akarudi nyumbani, akavua baibui, akasema haigizi tena. Siku chache baadaye mama akakuta kopo la mkorogo chini ya mto wake.

Tulinyamaza, kwa kuwa tulijua maneno yale watoto wameyatoa wapi. Ni nani kati yetu hajapata kuketi kwenye kupamba, bibi arusi akafunuliwa, naye akamnong'oneza jirani yake habari ya pua au ya rangi?

Hapo mmoja wetu akamtaja Bi Siti binti Saad. Wengi wetu humjua kwa jina tu. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazazi wafinyanzi na wakulima, akaitwa Mtumwa. Ndilo jina alilokua nalo, akileta vyungu mjini na kuvinadi njiani. Aliolewa, akazaa, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 akahamia mjini, mwanamke wa shamba asiyejua kusoma wala kuandika, akaanza kujifunza kuimba kwa walimu, akiyatia maneno kichwani moja baada ya moja, ya Kiswahili na ya Kiarabu. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, alikuja kupewa baadaye.

Alipoanza kusifiwa, wenye husuda walimtungia nyimbo za kumkumbusha umaskini wake na sura yake. Jawabu lake nalo lilikuwa wimbo. Hakudai kuwa yeye ni mzuri. Alisema uso si hoja, bali akili na tabia, kisha akaendelea na kazi. Sisi hapa ndipo tunapomstahi zaidi, maana ingekuwa rahisi kushindana nao kwa vipodozi na mapambo.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kubembeleza watu. Wimbo wake wa “Kijiti” ulihusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mshitakiwa akatorokea bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakajikuta hatiani. Mwenye kuhofu watu watamwonaje hawezi kuliimba jambo hilo mbele ya wakubwa.

Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikaenea pwani nzima, hadi huku Mvita. Nyanya zetu wa wakati ule walikuwa na uwanja wao wenyewe: vyama vya lelemama, Banu Saada na Ibinaal Watan, vilivyoshindana kwa mavazi na kwa mafumbo, na wazee wengine wakinung'unika. Tusiseme basi kwamba mwanamke mwenye kipaji ni jambo la kuletwa na televisheni.

Jamaa zake walibeba nini katika umashuhuri ule, hatuwezi kusema kwa urahisi. Mwanamke wa safari na mikesha ya watu, aliyekwisha kuachika, hakosi kuulizwa maswali ambayo mwanamume haulizwi. Yaliyobaki twayapata kwa Shaaban Robert, aliyezungumza naye uzeeni, muda mfupi kabla hajafariki tarehe 8 Julai 1950, akayaweka katika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwaka 1987 wanahabari wanawake wa Tanzania walianzisha chama chao, TAMWA, na jarida lake wakaliita Sauti ya Siti.

Mama yule hakumgombeza bintiye kwa lile kopo. Alilitupa, akamwambia atamsindikiza mwenyewe shuleni akamwone mwalimu wa mchezo. Kama atapewa nafasi aitakayo hatujui bado. Mazoezi yangali yanaendelea. Nakala yetu ya Wasifu anayo yeye kwa sasa, na mama yake atuambia husoma kwa sauti ya juu chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Wasomaji wanaotaka kuiazima watuwie radhi, wangoje.