Boneti ya kaboni, bolti ya chuma

Ufukwe wa Msimbati, kilomita 40 hivi kutoka mjini Mtwara, unasifika kwa jambo ambalo fukwe nyingi za Tanzania hazina: mchanga wake umeshikamana kiasi kwamba gari linapita kando ya maji bila kuzama. Watu wa mjini huenda huko mwisho wa wiki, na gari huteremshwa mpaka mawimbi yanapofikia. Barabara ya kijijini hutumiwa pia na magari ya kazi ya mradi wa gesi wa Ghuba ya Mnazi na kiwanda cha Madimba. Anayelipia raha hiyo na kazi hiyo ni bati. Chumvi hujishindilia chini ya madigadi, hujificha kwenye mikunjo ya milango na kwenye ukingo wa boneti, halafu siku moja rangi inaonekana imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka na unga mwekundu unamwagika. Fundi wa bodi hukata palipooza, huchomelea kipande kingine, hupaka puti, hupiga rangi. Kutu huanza tena pembeni mwa palipochomelewa.

Kwa hiyo mtu wa pwani anapouliza kama anaweza kung'oa boneti ya chuma na kufunga ya nyuzi za kaboni, swali lake si la urembo peke yake. Kaboni haili kutu. Uzito wake kwa ujazo ule ule ni kama moja ya tano ya chuma, na boneti iliyotengenezwa vizuri hubaki na nusu ya uzito wa ile ya kiwandani au pungufu. Kinachomtia wasiwasi ni trafiki: je, gari hilo ni halali barabarani? Hoja yangu ni kwamba tunaulizana kuhusu kitu kisicho chenyewe. Sheria haina haja ya kujua boneti imetengenezwa kwa nini. Inatakiwa ijue imeshikwa na nini, na nyuma yake kuna nini.

Tuanze na sheria iliyopo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kuendesha gari ambalo hali yake inahatarisha watu, na polisi wana mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua. Kadi ya gari inayotolewa na TRA huonyesha aina ya bodi, rangi, namba ya chasisi, namba ya injini na uzito, na mwenye kubadilisha rangi au injini anatakiwa kutoa taarifa ili kadi ilingane na gari. Tukipima boneti ya kaboni kwa vipimo hivyo viwili, haipigwi marufuku popote. Gari ni lile lile, chasisi ni ile ile, aina ya bodi haikubadilika. Panapobaki utata ni rangi: gari jeupe lenye boneti nyeusi ni jeupe au ni la rangi mbili? Kwa maoni yangu kipande kimoja hakibadilishi utambulisho wa gari, lakini asiyetaka mabishano barabarani apige rangi boneti yake ifanane na kadi. Rangi hiyo ina faida nyingine. Gundi ya epoksi inayoshika nyuzi hugeuka manjano na kuchakaa juani, na jua la Mtwara halina huruma.

Wajapani, ambao magari yao yaliyotumika ndiyo yamejaa barabarani kwetu, walilipitia jambo hili zamani. Mwaka 1995 walilegeza masharti ya ukaguzi kwa vipande vya kuongezea kama spoila, wakaweka mipaka ya vipimo: mabadiliko madogo hayahitaji kuidhinishwa upya endapo urefu wa gari haukuzidi wala kupungua zaidi ya sentimita 3, upana sentimita 2, kimo sentimita 4, na uzito kilo 50 kwa magari madogo au 100 kwa magari ya kawaida. Vipande vyenyewe viwe vimefungwa imara na visiwe na ncha za kumjeruhi mtu. Tazama walichopima: ukubwa, uzito, ncha, ufungaji. Hawakuanza kwa kuuliza malighafi. Wajerumani ni wakali zaidi, wanataka kipande kije na hati ya wakaguzi inayokitaja pamoja na gari kinakofungwa, la sivyo kibali cha gari zima kinaweza kukoma. Waingereza wamelegea zaidi. Kwao msingi ni kwamba gari na vifaa vyake visilete hatari kwa mtu yeyote. Nchi tatu, ukali tofauti, lakini swali kuu ni moja.

Sasa turudi ufukweni, kwa sababu kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Kaboni haili kutu, lakini huiharakisha kwa jirani yake. Inapitisha umeme, na katika safu ya metali na vitu vinavyopitisha umeme inakaa upande mmoja na dhahabu na platinamu, wakati chuma na aluminiamu ziko upande wa kuliwa. Vikigusana mbele ya maji ya chumvi, inatokea betri ndogo: kaboni inabaki salama, bolti inaliwa. Jambo hili si la nadharia. Ndege ya Boeing 787, ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018, ina takriban nusu ya uzito wake katika malighafi za aina hii, na watengenezaji walitumia titani sehemu nyingi kwa sababu aluminiamu ikigusana na kaboni huharibika. Watu wanaotengeneza ndege wanajali hilo. Anayefunga boneti gereji, kwa bolti za kawaida za chuma, bila hata tabaka la faiba ya kioo au washa ya plastiki kati ya kaboni na bawaba, anaweza kuwa hajawahi kulisikia.

Fungua boneti ya namna hiyo baada ya mwaka mmoja wa safari za Msimbati uitazame karibu. Kitambaa cha kaboni kinang'aa, misuko yake imenyooka, hakuna alama. Chini kwenye bawaba, washa imekuwa nyekundu, na kama kishikio ni cha aluminiamu kimetoa unga mweupe kuzunguka tundu. Loki ya mbele, ile inayozuia boneti isifumuke gari likiwa kasi, imeshikwa na bolti mbili zilizopita katika tabaka jembamba lisilo na bati la kutia nguvu ndani. Boneti ikifumuka kwenye kilomita 80 kwa saa, dereva haoni barabara. Hapo ndipo sheria ya 1973 inapomkuta mtu huyu na hatia, hata kama boneti yake ni nzuri kuliko zote mkoani: gari lake lina kipande kinachoweza kung'oka. Na ieleweke kwamba aliyebaki na boneti yake ya chuma iliyooza kwenye bawaba yuko katika kosa lile lile. Pwani, bati lililooza limeshaonekana la kawaida; trafiki hulipita akaenda kubishana na boneti mpya kwa sababu tu inang'aa.

Yapo maeneo ambayo bolti peke yake haitoshi kutoa jibu. Boneti, madigadi na kifuniko cha buti ni ngozi ya gari. Mlango sivyo. Ndani ya mlango wa kiwandani kuna mwimo wa chuma unaomkinga abiria gari likigongwa ubavuni, na milango mingi ya kaboni inayouzwa kwa ajili ya mashindano haina mwimo huo. Paa na nguzo zake hubeba gari likipinduka. Nyuma ya bampa la plastiki kuna bampa halisi la chuma, na wapo wanaoling'oa ili bampa jipya likae vizuri. Magari ya miaka ya karibuni huwa na rada mbele, na kaboni, kwa kuwa inapitisha umeme, huziba mawimbi yake. Katika haya ningependa sheria iseme hapana bila kigugumizi, au idai hati ya mtengenezaji. Hata boneti ina upande wake mgumu. Japani tangu 2005 imekuwa ikidai magari mapya yalinde kichwa cha mtembea kwa miguu, na njia mojawapo ni boneti inayobonyea na nafasi kati yake na injini. Bati hukunjika, kaboni ya bei rahisi huvunjika, na mipasuko yake hukata. Katika nchi ambayo watu wengi hutembea pembeni mwa lami, hilo si jambo la kupuuza, nami nakiri ndilo linalodhoofisha zaidi upande ninaoutetea. Hata hivyo gari lenye ngao ya mabomba ya chuma mbele linamuumiza mtembea kwa miguu zaidi, na Ulaya iliziwekea ngao hizo masharti mwaka 2005. Kwetu zinapita kila siku bila kuulizwa. Atakayetaka kuzuia kaboni kwa ajili ya mtembea kwa miguu aanze na ngao.

Kuna watakaosema kaboni ni imara kupita kiasi, basi tusihangaike: McLaren walitengeneza gari la mashindano lenye chombo cha kaboni mwaka 1981, John Watson akapata ajali mbaya nalo huko Monza mwaka huo huo na akatoka mzima. Ni kweli, ila kile kilikuwa chombo kizima kilichosukwa tabaka kwa tabaka na kuokwa kwa joto na shinikizo. Kinachouzwa mtandaoni kwa jina hilo hilo mara nyingi ni faiba ya kioo iliyofunikwa tabaka moja la kaboni juu, na kingine ni stika tu yenye picha ya misuko. Stika haina shida na sheria yoyote zaidi ya rangi.

Wengine watasema hili ni suala la vijana wenye magari ya bei mbaya Dar es Salaam, Msimbati wapi na kaboni. Lakini jamaa yake, faiba ya kioo, iko pwani nzima. Serikali imewakopesha wavuvi boti za faiba miaka ya karibuni, mafundi wamejifunza kuchanganya gundi na kulaza kitambaa, na ujuzi huo unahamia kwenye bampa na madigadi. Faiba ya kioo haileti ile betri ya kutafuna bolti, ila hasara ya ufungaji mbovu ni ile ile. Kanuni inayoangalia vishikio ingefaa kwa zote mbili.

Pingamizi zito zaidi ni la mkaguzi: polisi wa wilayani hana mashine ya kupima malighafi. Hahitaji. Kushika boneti pembeni na kuitikisa, kuangalia bolti za bawaba na loki, kupapasa ukingo, kuulizia mwimo wa mlango na bampa la ndani, ni kazi ya dakika chache kwa mikono na tochi. Kinachokosekana ni karatasi inayomwambia atazame hayo na asitazame mengine. TBS ndiyo yenye kazi ya kuandika viwango, na Kenya wana mfano wa karibu, kiwango cha KS 372 kinachoeleza bodi ya basi ijengwe namna gani. Ukurasa mmoja ungetosha kwa magari madogo: ngozi ya gari ruhusa kwa masharti ya ufungaji, ncha na tabaka la kutenganisha kaboni na chuma, milango, paa na bampa la ndani marufuku bila hati. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kwa Sura ya 169, ingenufaika pia, kwa kuwa kampuni ingekuwa na cheti cha kuangalia badala ya kubishana baada ya ajali kama mteja alificha mabadiliko. Mpaka karatasi hiyo ipatikane, mwenye gari la Msimbati aagize bolti za chuma cha pua, aweke washa za plastiki zinazotenganisha, amwage maji baridi chini ya gari kila anapotoka ufukweni, na atunze risiti ya boneti yake pamoja na kadi.